Kanuni za Mchezo na Haki ya Mpinzani

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husikika sana viwanjani, na karibu kila mara humwelekea mtu mmoja tu, naye ni yule aliyefungwa. Timu ikishindwa na wachezaji wake wakaanza kumlaumu mwamuzi, watazamaji huwakumbusha maneno hayo, nao hunyamaza. Mimi sijapata kuyasikia yakiambiwa timu iliyoshinda. Katika insha hii nataka kuigeuza methali upande wake wa pili nimwulize mshindi: wewe uliyerudi nyumbani na kombe, je, ulikubali kushindwa? Maana yuko mtu anayeanza kukataa kushindwa kabla filimbi haijapulizwa, akautengeneza ushindi wake mezani kwa kalamu na karatasi. Huyo naye tumwite mshindani?

Pengine msomaji ataona kwamba swali hili ni la viwanjani, halina nafasi katika kitabu cha utamaduni. Lakini taifa letu halikufikiri hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1962 ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mambo hayo mawili, utamaduni na vijana, yaliwekwa chini ya paa moja. Na mwaka 1967 Baraza la Michezo la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Waliofanya hivyo walijua kwamba namna mtoto anavyofundishwa kushinda na kushindwa ni sehemu ya malezi yake, kama vile ngoma, hadithi na salamu zilivyo sehemu ya malezi hayo.

Mimi nimekulia Tukuyu, mji uliokaa vilimani karibu na Mlima Rungwe, ambako mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka na ukungu huweza kufunika uwanja mchana kweupe. Mpira wetu ulikuwa wa matambara yaliyokazwa kwa kamba za migomba. Ukilowa ulikuwa mzito kama jiwe. Magoli yalikuwa mawe mawili kila upande. Mchezo wenyewe tuliuita chandimu, kama unavyoitwa mahali pengi nchini. Hapakuwa na mwamuzi, wala mshika kibendera, wala saa. Hata hivyo kanuni zilikuwapo, tena zilikuwa kali. Mpira uliopita juu ya mikono ya kipa aliyeinyoosha haukuwa bao. Aliyeanguka vibaya alisubiriwa ainuke. Na kaka zetu wakubwa walipotaka kuingia, waligawanywa pande zote mbili kwa idadi sawa, wala hawakuruhusiwa kupiga mashuti ya nguvu mbele ya wadogo.

Nani alitufundisha hayo? Siwezi kumtaja mtu. Tuliyakuta, na tuliyatii kwa sababu moja iliyo wazi: bila kuyatii mchezo ungekufa. Mtoto aliyedanganya mara moja alizomewa. Aliyedanganya mara mbili aliachwa peke yake uwanjani na mpira wake. Kwetu sisi kanuni ilikuwa ahadi waliyopeana watu wawili waliotaka kitu kimoja, yaani kucheza, na kila mmoja alijua kwamba hawezi kukipata kitu hicho bila mwenzake.

Nilipokuwa mtu mzima na kusoma kidogo juu ya asili ya kandanda, nilishangaa kuona kwamba wakubwa nao walianzia hapohapo. Vilabu vilivyokutana London mwaka 1863 viliandika kanuni za pamoja kwa kuwa kila shule na kila klabu ilikuwa na zake, na haikuwa rahisi kucheza na jirani. Hapo kwanza ubishi wa uwanjani ulimalizwa na manahodha wenyewe. Baadaye wakawekwa waamuzi wasaidizi wa kila upande, na mwaka 1891 ndipo mwamuzi alipoingizwa rasmi ndani ya uwanja, pamoja na adhabu ya penalti. Leo kanuni za kandanda ni 17, na kila mojawapo ina ufafanuzi mrefu. Mwamuzi, basi, alikuja baada ya ahadi kulegea. Ni kama mti wa kuegemeza ukuta: una faida yake, lakini nyumba haikujengwa juu yake. Palipo na ahadi mwamuzi huwa na kazi ndogo, na pasipokuwa na ahadi hata waamuzi kumi hawatoshi.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa sekondari. Mwaka huo Tukuyu Stars, waliojulikana kwa jina la Banyambala, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mtu ambaye hakuwa Rungwe wakati ule hawezi kuelewa sawasawa furaha iliyotupata. Mji mdogo wa wakulima wa ndizi, chai na viazi ulikuwa umevishinda vilabu vya miji mikubwa ambavyo majina yake tulizoea kuyasikia redioni tu. Tangu siku ile kila kijiji kilitaka kuwa na timu yake, na kila mzazi mwenye mtoto mwenye miguu myepesi alianza kuota ndoto. Mashindano ya vijana yaliongezeka. Zawadi nazo zikaongezeka, kutoka daftari na kalamu hadi jezi, mbuzi na ng'ombe. Na zawadi zilipoongezeka, watu wazima walisogea karibu zaidi na mchezo wa watoto.

Hapa sina budi kueleza jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Katika miaka ya 1990 nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Siku moja akaja kwangu kiongozi wa timu ya kijiji fulani. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani na za mashamba, ndipo akatoa karatasi mfukoni. Alihitaji barua ya kuthibitisha kwamba kijana wake mmoja ana umri wa miaka 14, kwa kuwa mashindano yale yalikuwa ya vijana wasiozidi miaka 15. Kijana huyo nilimfahamu. Alikuwa amekwisha kuota ndevu, akazinyoa. Umri wake haukupungua miaka 19.

Nikamwambia, "Bwana, huyu si mtoto."

Akanijibu, "Najua, ndugu yangu. Lakini wenzetu nao wana wao. Tukienda na watoto watupu tutaaibika."

Niliipiga chapa ile barua, nikaweka sahihi. Sikupokea fedha. Nilifanya hivyo kwa sababu mwombaji alikuwa jirani, kwa sababu foleni mlangoni ilikuwa ndefu, na kwa sababu nilijiambia kwamba ni mpira tu.

Siku ya fainali nilikwenda kutazama. Kijana yule alifunga mabao mawili. Beki aliyemkaba alikuwa mtoto mwembamba wa miaka 12 au 13, asiye na viatu, aliyekimbia nyuma yake mchana kutwa bila kumfikia. Mchezo ulipokwisha timu zilipangwa kupeana mikono. Mtoto yule alipofika mbele ya mfungaji, alifanya kile alichofundishwa nyumbani kwao. Alipiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, kaka."

Na yule kijana, kwa mazoea, akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu."

Watu waliokuwa karibu walicheka sana. Mimi sikucheka. Barua yangu ilikuwa imesema uongo, mwamuzi aliukubali, na kamati nayo iliukubali. Lakini salamu ya Kiswahili, ambayo kila siku hupima nani ni mkubwa na nani ni mdogo, ilisema kweli mbele ya watu wote. Kombe lilitolewa vilevile. Hakuna aliyekata rufani. Usiku ule niliandika ubeti huu, ambao sikuwahi kumwonyesha mtu:

Mpira una sharia, kwa mkubwa na mdogo,
Kombe ukijitwalia, haki kuipa kisogo,
Furaha itaishia, ubaki nao mzigo,
Si ushindi huo wako, ni deni la maishani.

Katika lugha ya viwanjani mchezaji wa namna ile huitwa kijeba, na yule anayeletwa kutoka shule au kijiji kingine kwa siri huitwa mamluki. Haya ni majina ya dharau, na humwangukia kijana. Lakini tukichunguza vema tutaona kwamba kijana ndiye mwenye hatia ndogo kuliko wote. Hakujiandikia barua, wala hakujipiga chapa, wala hakuipanga timu. Kila hatua ya uongo ule ilikuwa na mtu mzima wa kuitekeleza, na mmojawapo nilikuwa mimi.

Yafaa sasa tuzisikilize hoja za wale wanaoitetea desturi hii, maana si watu wabaya, tena wengine ni walimu wenye mapenzi makubwa na vijana.

Hoja ya kwanza husema kwamba wote wanafanya hivyo, kwa hiyo anayekataa anajidhulumu mwenyewe. Hoja hii ina nguvu, wala siidharau; mwenye timu ya watoto watupu kweli ataweza kufungwa mabao mengi. Lakini tuitazame vizuri. Ikiwa timu zote zina vijeba, basi hakuna timu inayopata faida juu ya nyingine. Lililobaki ni kwamba watoto wa kweli wameondolewa pande zote mbili, nao ndio waliotayarishiwa mashindano. Ni sawa na wageni walioalikwa karamuni wakakubaliana kuwafukuza wenye nyumba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kwetu Rungwe wako vijana waliochelewa kuanza shule kwa sababu ya umaskini, au kwa kuwa walichunga ng'ombe, au waliachwa yatima. Kijana wa namna hiyo ana kipaji lakini mlango wa umri umemfungia. Je, kanuni isiyomhurumia ni ya haki? Nakiri kwamba swali hili lilinisumbua kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba huruma yetu kwake ni wajibu, bali malipo ya huruma hiyo hayapaswi kutozwa mtoto mwingine. Beki yule asiye na viatu naye alikuwa maskini. Naye alikuwa na ndoto. Sisi tulimhurumia mmoja kwa mali ya mwenzake, kisha tukaiita hisani. Tukitaka kumsaidia aliyechelewa, tumwandalie mashindano ya rika lake, jambo ambalo lina gharama kwetu sisi wakubwa. Na labda ndiyo sababu hatukulifanya.

Hoja ya tatu husema kwamba kushinda ni kushinda, na kombe halina doa. Wako wenye hekima wanaoijibu kwa kusema kwamba mdanganyifu hakushinda kabisa, kwa kuwa aliyevunja kanuni amekwisha kutoka nje ya mchezo. Jibu hilo ni zuri lakini kwangu halitoshi. Kombe lile lilikuwa la kweli, na ng'ombe wa zawadi alikuwa na nyama ya kweli. Udanganyifu huleta faida. Kama usingeleta, watu wasingeufanya. Kwa hiyo ni lazima tuonyeshe kile kinachopotea, tena tukionyeshe kwa mizani ya watu wetu wenyewe.

Mizani hiyo ni rika. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi ambayo wataalamu wa mila waliistaajabia. Wavulana wa umri wa miaka kama kumi au kumi na mmoja waliondoka katika makazi ya baba zao, wakajenga vibanda vyao kando, wakawa kijiji cha rika moja. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, lakini walikwenda kula pamoja, kundi kwa kundi, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, alichapisha kitabu kizima juu ya vijiji hivyo mwaka 1951. Humo alilipa uzito mkubwa neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao kwa raha. Mtu alijifunza adabu, ukarimu na hata hekima kwa kukaa na rika lake. Na rika lilipokomaa, ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambapo wazee waliukabidhi uongozi wa nchi kwa kizazi kilichofuata.

Sisemi kwamba desturi ile ilikuwa kamilifu. Ilikuwa na dhuluma zake, hasa kwa wanawake, na kwa vijana waliongoja miaka mingi kupata ng'ombe wa mahari kwa baba zao. Imekwisha kupita, wala hatuwezi kuirudisha. Lakini ilijua jambo ambalo sisi tumelisahau: kwamba umri ni mahali pa mtu kati ya watu. Hakuna aliyeweza kujipunguzia miaka, kwa sababu waliozaliwa pamoja naye walikuwapo kumshuhudia. Tena kwa nini ajipunguzie? Angekwenda kula na nani?

Maneno hayo ya kula sikuyatunga. Miaka mingi baada ya fainali ile nilikutana na yule mfungaji, sasa mtu mzima mwenye familia na shamba la chai. Tuliongea mambo mengi, hatimaye nikamkumbusha siku ile na kumwomba radhi kwa barua yangu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, jioni ile walichinja yule ng'ombe wa zawadi. Niliona haya kukaa kula na watoto. Na wenzangu wa rika langu hawakuwa wamealikwa. Nililala na njaa." Hapo ndipo nilipofahamu kilichopotea. Mtoto wa upande mmoja alipotezewa haki yake, na kijana wa upande wa pili alipotezewa watu wake. Kombe lilibaki kwetu sisi wazee.

Jambo hili halikuishia vijijini, maana taifa zima limepata kuonja pande zake zote mbili. Timu yetu ya vijana wasiozidi miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imefuzu kwenda Gambia katika fainali za Afrika za mwaka 2005, lakini ikaondolewa kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Wengi tuliona uchungu, na wengine tulisema tumeonewa. Kisha kwa fainali za mwaka 2017 zilizofanyika Gabon, mambo yaligeuka. Kongo-Brazzaville ilitutoa uwanjani, Tanzania ikalalamika juu ya umri wa mchezaji mmoja, na Kongo iliposhindwa kumpeleka akapimwe, nafasi ikapewa vijana wetu. Safari hii tulishangilia, tukasema haki imetendeka. Kanuni ilikuwa ileile. Mtu anayeipenda kanuni inapompa na kuichukia inapomnyima haipendi kanuni, anajipenda mwenyewe.

Siku hizi kipo kipimo cha MRI, kilichoanza kutumiwa katika fainali za dunia za vijana wa umri huo mwaka 2009, ambacho hupiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono na kuonyesha kama imekwisha kuungana. Aidha, mwaka 2013 mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa wa kwanza kuanza mpango wa kuwapa watoto walio chini ya miaka mitano vyeti vya kuzaliwa karibu na nyumbani, katika ofisi za kata na vituo vya afya. Haya ni mambo mema, na kila mwenye mapenzi na watoto atayaunga mkono. Lakini mashine ile kubwa haitafika katika kila uwanja wa shule kuanzia Kiwira hadi Masoko, na cheti huandikwa na karani, naye karani ni mtu kama mimi. Chombo huweza kumkamata mwongo. Hakiwezi kumfanya mtu atake kucheza kwa haki.

Kutaka huko hufundishwa. Katika mashindano ya watoto ninayosaidia kuyaandaa siku hizi tunafanya jambo moja dogo. Kabla ya mchezo timu mbili husimama zikitazamana, na kila mchezaji hutaja jina lake, shule yake na mwaka wake wa kuzaliwa kwa sauti, akimwambia mpinzani aliye mbele yake. Hasemi na mwamuzi wala na kamati. Wapo watakaosema kwamba mtoto anaweza kudanganya hapo pia. Ni kweli. Ila nimeona kwamba ni vigumu sana kumdanganya mtu unayemtazama machoni, ambaye baada ya dakika chache mtakimbia pamoja kwenye matope. Mwaka mmoja kijana mmoja alifika mbele ya mwenzake, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akavua jezi na kwenda kukaa na watazamaji. Timu yake ilicheza na wachezaji kumi kwa muda mpaka mdogo mmoja wa akiba alipopata viatu. Walifungwa mabao matatu. Sisi wazee tulimwita yule kijana tukampa mkono, mmoja mmoja.

Narudi kwenye methali niliyoanza nayo. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayefungwa kisha akampa mwenzake mkono ameikubali sheria hii mwishoni mwa mchezo, na tunamsifu. Lakini sheria yenyewe hudai ikubaliwe mwanzoni, wakati majina yanaandikwa na hakuna anayetazama. Hapo mtu mzima mwenye kalamu hupaswa kusema moyoni: watoto wangu huenda wakafungwa leo, nami niko radhi, kwa kuwa wale wa upande wa pili ni watoto pia. Mwaka ule mimi sikulisema neno hilo. Tangu wakati ule barua za namna hiyo zimeniletea mezani mara kadhaa, na majirani wengine wamenikasirikia. Nimezirudisha bila sahihi.